Kong Lual na Safu ya Ng'ombe

Fundi wa kwanza wa tovuti niliyemjua alitengeneza tovuti kabla hajaona ya mtu mwingine hata moja. Nalisema hili kwa sababu watoto wa majirani zangu hapa Kanamkemer, Lodwar, hunijia na vyeti vyao, wakiniuliza kazi ya kompyuta inaanzia wapi, kana kwamba mimi katibu mstaafu nimeficha ufunguo mahali. Nawasimulia habari za Kong Lual. Wananisikiliza kwa heshima, kisha wanauliza alisomea chuo gani, nami nainuka kwenda kuangalia maharagwe.

Mimi ni Jerotich. Nilitoka Iten mwaka 1989 nikaja Lodwar kupiga taipu kwa miaka miwili tu, halafu joto likanizoea. Kufikia 1998 nilikuwa katibu wa Shirika la Mlango Wazi, ambalo kazi yake ilikuwa kuwatafutia wakimbizi wa Kakuma jamaa zao waliopotezana nao vitani. Ofisi kuu ilikuwa Nairobi. Lodwar tulikuwa mimi, askari wa lango, mtungi wa maji na redio kol. Kakuma kulikuwa na kontena la chuma katikati ya kambi, ndani ya kontena kompyuta moja, na mbele ya kompyuta Kong.

Mwaka huo Mike wa ofisi kuu, ambaye cheo chake kilikuwa Afisa wa Teknolojia na kiti chake kilikuwa kinazunguka, alitutangazia kwamba orodha za karatasi zimepitwa na wakati. Majina yote yangewekwa kwenye mtandao, ili mtu aliyefika Amerika au Australia afungue kompyuta na kuona kwamba ndugu yake yuko Kakuma. Wazo lilikuwa zuri. Nilikuwa na sababu nyingi za kumchukia Mike, lakini hiyo haikuwa mojawapo.

Tatizo ni kwamba mtandao ulikuwa Nairobi. Kwetu barua pepe ilipitia redio kol. Saa kumi na mbili asubuhi, mawimbi yakiwa bado yametulia, niliunganisha kompyuta na kisanduku kinachoitwa modemu, na modemu na redio, kisha vyote vitatu vikapiga kelele za mbuzi anayeoshwa kwa nguvu. Barua moja haikuruhusiwa kuzidi kurasa tatu za taipu. Picha zilipigwa marufuku kabisa. Ukurasa wa Kong ulipokamilika niliukata vipande ishirini na vitatu na kuutuma kwa siku sita, na Nairobi wakauunganisha na kuuweka hewani. Sisi tuliambiwa umependeza.

Kong alikuwa Mnuer, mrefu hata akiwa ameketi, na hakuharakisha neno. Alikuwa amemaliza kidato cha nne pale kambini, na ufundi wa tovuti aliusoma katika kijitabu cha fotokopi kilichoachwa na Mzungu mmoja wa kujitolea. Kilikuwa na kurasa thelathini na moja, lakini ukurasa wa kumi na tisa haukuwepo. Ukurasa wa kumi na nane uliishia kwa maneno haya: "Na kabla hujaendelea, kumbuka kila mara." Kong aliishi na wasiwasi huo. Nilimwulizia Mike kwenye redio ni jambo gani la kukumbuka kila mara, akajibu kwamba yeye hasomi vijitabu.

Kompyuta ya kontena iliweza kumfungulia ukurasa wake mwenyewe, basi. Wa mtu mwingine hakuwa ameuona. Siku moja nikiwa Kakuma alinionyesha neno lililopigiwa mstari wa buluu.

"Madam, hii inaitwa linki. Ukifinya hapa, inakupeleka kwa ukurasa ingine."

"Uko wapi huo mwingine?"

"Bado sijatengeneza."

Alikuwa na heshima kwa kazi hiyo ambayo sijaiona tena kwa watu wenye vyeti. Kila Alhamisi ya pili alipata kibali cha kutoka kambini, akapanda gari katika msafara unaosindikizwa na polisi, akaja Lodwar na disketi. Kwa sababu joto la barabara ile hupinda plastiki, disketi aliiweka ndani ya hotpoti, lile bakuli la kufunika linalohifadhi ugali. Kama linazuia joto lisitoke, aliniambia, litalizuia pia lisiingie. Abiria wenzake walikuwa na hakika amebeba chakula na anawanyima. Akifika langoni askari wetu alimwamkia "Ejok," naye akajibu "Ejok," akafungua hotpoti mbele yake ili ukaguzi ufanyike. Kila mara askari alionekana kusikitika.

Kazi aliichukua kwa sababu moja, na hakuificha. Mwaka 1991, watu walipokimbia kambi za Ethiopia na kurudi Sudan, alipotezana na dada yake Nyadak mjini Nasir. Mama yao alikuwa ameshakufa. Kong alikuwa na miaka kumi na minne, au kumi na sita, ikitegemea nani anahesabu. Nyadak alimtangulia kidogo kuzaliwa. Walikuwa wawili tu waliobaki nyumba ile, na asubuhi moja ndege za vita zilipita na walipoacha kukimbia hawakuwa pamoja. Ukurasa ulipoanza Kong alihitaji mtu wa kujaribia kama majina yanakaa sawa kwenye mistari, akajiandika yeye mwenyewe. Hivyo namba moja katika orodha alikuwa Kong Lual, anayemtafuta Nyadak Lual. Kufikia mwisho wa mwaka orodha ilikuwa na watu mia saba na kumi na wanane, na kati yao akina Kong Lual walikuwa wanne. Ni jina la kawaida kwao.

Nairobi ndio waliochagua safu za kujazwa: jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, anayetafutwa. Januari 1999 barua ikaja kutoka kwa wafadhili, naye Mike akatusomea kwenye redio kol. Niseme hapa kwamba redio kol haina siri. Akiongea Nairobi anasikika kila kituo kilichoacha redio wazi, kuanzia Nakalale hadi Namoruputh, na hakuna anayezima kwa sababu burudani nyingine hatukuwa nayo.

"Kati ya watu mia saba na kumi na wanane," Mike alisoma, "mia sita na tisini wamezaliwa tarehe moja Januari. Wafadhili wanauliza kama hawa ni watu wa kweli. Ova."

Walikuwa wa kweli. Mtu alipofika mpakani aliulizwa tarehe ya kuzaliwa, akasema hajui. Mwandikaji alikuwa na kisanduku kinachotaka tarehe, na nyuma yake foleni ya watu elfu mbili. Akaandika moja Januari, kisha akamtazama mtu kimo akakisia mwaka. Warefu walizeeshwa. Nilimweleza Mike yote haya.

"Hiyo ni data chafu," akasema. "Nataka tarehe halisi mwisho wa Februari, ama ukurasa unafungwa. Ova."

Kong alikuwa akisikiliza kutoka Kakuma, kwenye redio ya kambi isiyo na modemu. "Nimepata. Ova," akasema, na hakuuliza swali.

Disketi ilikuja siku iliyotakiwa. Niliituma bila kuiangalia, na kosa hilo ni langu. Juma moja baadaye, saa ya redio, vituo vyote vikiwa vinasubiri zamu, Mike akaingia.

"Lodwar, Lodwar, hapa Nairobi. Huyu Nyaduoth aliyezaliwa tarehe thelathini Februari ni nani? Ova."

Kisha mtu wa Nakalale, aliyekuwa akisubiri kuagiza dawa za mifugo, akasema, "Nairobi, rudia tarehe. Ova."

"Amesema thelathini," Namoruputh wakamsaidia.

Kong alipofika Alhamisi nilimwacha asimame. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Jumatatu.

"Kong, wewe umetunga siku za kuzaliwa za watu mia saba?"

"Sikutunga, Madam. Niligawa."

Akanieleza, taratibu, kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa darasani. Alikuwa amekwenda kwa watu akawauliza tarehe halisi, wakamjibu yale yale waliyojibu mpakani. Lakini Mike alitaka tarehe. Kambini kila kitu ambacho hakitoshi hugawiwa kwa usawa, na mgao wa chakula hutolewa kila siku kumi na tano, kwa hiyo mwezi wa Kakuma ni migao miwili, siku thelathini. Miezi kumi na miwili ikampa siku mia tatu na sitini. Akaweka watu wawili kila siku, akafuata namba za orodha, asimpendelee mtu. Siku mbili za mwisho zilipata mtu mmoja mmoja. Februari haikuwa na sababu ya kupewa pungufu kuliko miezi mingine.

Nikapekua karatasi zake. "Na hawa pacha? Umempa mmoja tarehe tano Januari na mwenzake tarehe sita!"

"Namba zao zilikuwa kumi na kumi na moja. Mstari ulikatika hapo katikati."

"Mama yao amesema nini?"

"Amesema mimi si mtu mzuri."

"Una haki ya kuambiwa hivyo! Umedanganya dunia nzima, Kong. Mtandao ni dunia nzima, au kijitabu chako hakikusema?"

Alifikiri. "Ile tarehe moja pia waligawa wao, Madam. Walipatia watu wote siku moja. Mimi niligawa muzuri kuliko wao."

Hasira ilinipanda zaidi kwa kuwa alisema kweli. Kipande changu mwenyewe, kitambulisho cha serikali, kinasema nimezaliwa tarehe kumi na tano Juni. Aliyeniandikisha alichagua katikati ya mwaka ili, akikosea, asikosee sana.

Alasiri ile Mike alitangaza uamuzi. Ukurasa ungefungwa Ijumaa, tarehe thelathini Aprili, na majina yangerudishwa kwenye faili. Kong alisikia hukumu akiwa ameketi kando yangu, mikono kwenye hotpoti. Redio ilipozimwa akasema, "Sasa Nyadak atanitafuta wapi?"

Nilimpa chai. Ndiyo huduma pekee niliyokuwa na uwezo nayo.

Baadaye akaniuliza kama mimi mama yangu alinijua nimezaliwa lini, ikiwa ile ya Juni ilikuwa ya mwandikaji. Nikamwambia bila shaka alijua. Nilizaliwa mwaka ule baba alipoleta nyumbani Chelel, ng'ombe mweupe, kutoka kwa mjomba, na maziwa ya kwanza niliyopewa yalikuwa yake. Mama hakuniambia umri hata siku moja. Aliniambia, wewe ni wa Chelel, na dada yako ni wa yule mwekundu aliyeanguka bondeni. Nikiulizwa na mtu wa kwetu, hilo linatosha.

Kong akaweka kikombe chini. "Na ukipotea, dada yako atakujua na nini? Na Juni?"

"Na Juni nitajulikana na nani?" nikamjibu kwa ukali. Halafu wote wawili tukaona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mike alizaliwa Umoja, Nairobi, katika nyumba ya ghorofa, na maziwa ameyajua ndani ya pakiti. Alikuwa amewauliza wafugaji swali la pakiti.

Kong akarudi Kakuma akaifuta safu ya tarehe ya kuzaliwa. Mahali pake akaweka safu ya ng'ombe. Kila mtu aliulizwa jambo moja: ulilelewa kwa maziwa ya ng'ombe gani? Rangi yake, pembe zake, alama ya sikio, na kama yalimpata mambo yanayokumbukwa. Alitembea kambi nzima na daftari kwa majuma manne. Watu waliosema "sijui" mpakani, na wakasema "sijui" mwezi wa pili, sasa walimkalisha kitako na kumtolea habari hadi jioni. Nyaduoth alitoa ng'ombe watatu. Kong alipomwambia kwamba tarehe yake ya thelathini Februari imeondolewa alikataa katakata. Alipewa, akasema, na harudishi.

Nilipanda msafara nikaenda kusaidia mwanzoni mwa Aprili, nikachukua likizo yangu mwenyewe kwa kazi hiyo, jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu wa ofisi. Tuliweka meza mbele ya kontena. Wadinka na Wanuer, ambao siku nyingine kambini walirushiana mawe, walisimama mstari mmoja wakisikiliza ng'ombe za wenzao, na mara kwa mara mtu alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kusikia dume fulani lilivyokufa. Wasomali walileta ngamia, Kong akawakubali. Kisha akafika Mkongo mmoja mwembamba, Zéphyrin, fundi wa jenereta, aliyekuwa akimtafuta kaka yake.

"Miye sina ngombe, ndugu yangu," akasema. "Kwetu hakuna."

"Nyumbani kwenu kulikuwa na nini?" Kong akamwuliza. "Kitu ndugu yako hawezi sahau."

Zéphyrin akafikiri sana. "Papa alikuwa na kinga. Kinga nyeusi, haina frein. Tuliangukaka nayo wote wawili, kwenye kilima, siku ya Pasaka."

Kinga ni baisikeli. Kong akaandika katika safu ya ng'ombe: baisikeli nyeusi, haina breki, Pasaka. Nilimtazama akiandika nikafikiri kwamba huyu angekuwa fundi mahali popote duniani, na kwamba hapa alipo hakuna wa kumwambia. Nikamwambia mimi. Akasema, "Asante, Madam, lakini page nineteen bado sijui."

Namba moja alijaza yeye mwenyewe kwa dakika moja. Jike lenye madoadoa kama chui, sikio la kushoto limepasuliwa, hupiga teke mkamuaji. Nilimwuliza kama ana hakika. Alinitazama kwa mshangao. "Mtu anasahau ng'ombe yake?"

Mike alipopokea ukurasa mpya alituambia kwamba hii ni kompyuta, si boma. Lakini ukurasa ulikuwa ufungwe baada ya majuma mawili na nusu, hakuona haja ya kujisumbua kuurekebisha, akauweka hewani kama ulivyo. Uvivu wake ulitusaidia kuliko bidii yake. Kong aliandika rangi za ng'ombe kwa lugha za wenyewe, kwa kuwa Kiingereza kina rangi chache mno kwa kazi hiyo, na Nairobi hakuna aliyeweza kuzisoma wala kuzikagua.

Tulisubiri. Juma la kwanza hakuna kilichokuja. La pili vivyo hivyo. Kila asubuhi saa kumi na mbili modemu ililia, nami nikapokea habari za mikutano na fomu za likizo. Kong aliniita kwenye redio kila siku, akauliza hali ya hewa ya Lodwar. Hali ya hewa ya Lodwar haibadiliki. Nilimjibu kila siku kwamba kuna jua.

Jumanne tarehe ishirini na saba ikaja barua. Ilitoka mji wa Sioux Falls, Amerika, imeandikwa kwa Kiingereza na mwalimu wa kanisa kwa niaba ya mwanamke asiyejua kuandika Kiingereza. Juu yake Mike alikuwa ameongeza maneno yake: "Haioani. Mwanamke ametaja ng'ombe tofauti na wa namba moja. Usimpe mtu matumaini."

Niliichapa kwenye karatasi, nikaisoma mara mbili nimesimama. Kisha nikaikunja nikaitia kwenye pochi, na Kong aliponiita kuuliza hali ya hewa nilimwambia kuna jua. Sikuweza kumwambia kitu kama kile mbele ya Nakalale na Namoruputh. Siku mbili hizo sikulala vizuri. Nilimwogopea Kong kama ningemwogopea mtoto wangu.

Alhamisi alifika. Nilimkalisha kabla hajafungua hotpoti, nikamwambia kuna barua, kwamba Mike amesema haioani, na kwamba nitamsomea kwa Kiswahili, polepole. Akasema sawa.

Nikasoma: "Mimi naandika kwa niaba ya Nyadak Lual. Tulisomewa majina yenu yote kanisani. Nyadak anasema kuna Kong Lual wanne, na kwamba namba moja ni mwongo. Ng'ombe wa madoadoa mwenye sikio lililopasuka hakuwa wa kaka yake. Alikuwa wake yeye, Nyadak. Kaka yake alilelewa kwa maziwa ya ng'ombe mweusi mwenye pembe moja, asiyekuwa na uzuri wowote, naye alikuwa akilia kila siku akitaka ya dada yake. Alilia hadi mama yao akachoka, akawa anamimina maziwa ya mweusi kwenye kibuyu cha Nyadak na kumwambia mtoto ni ya yule wa madoadoa. Nyadak aliapishwa asimwambie. Anasema kama huyu namba moja hadi leo anadai yule ng'ombe, basi hakuna aliyewahi kumwambia ukweli, na anataka kujua ni Kong gani mwingine duniani angeweza kukosea hivyo."

Kong aliinamisha kichwa juu ya meza, juu ya mikono yake mirefu, na mabega yakaanza kutikisika. Nilikwenda dirishani nikatazama barabara ili awe peke yake. Nami nililia, sioni aibu kulisema. Nje askari wetu alikuwa akimwamkia mtu, "Ejok, ejok," kama siku yoyote.

Baada ya muda nikasikia kiti. Alikuwa ameketi wima, amejipangusa uso kwa kitambaa cha hotpoti, na ameudhika. Sikuwahi kumwona ameudhika hata siku moja.

"Madam, modemu inaweza tuma sasa?"

"Mawimbi ni mabaya saa hizi. Lakini naweza kujaribu."

"Andika. Nyadak, wewe ulikuwa mwongo tangu zamani. Ile ng'ombe ilikuwa yangu. Hata ilikuwa inanijua."

Niliandika kama alivyosema. Redio iligoma mara nne, ya tano ikapeleka. Ukurasa ulifungwa kesho yake, kama ilivyopangwa, na jioni hiyo Mike akaniita akiwa na fomu ya mwisho ya kila jina lililopata barua. Fomu ilikuwa na visanduku viwili, rekodi zimeoana au rekodi hazikuoana, na namba moja ilikuwa bado wazi. Nijaze nini, akauliza, ova.

Nikamwambia aandike pembeni: wanabishana.